Chai Yenye Harufu ya Moshi

Asubuhi Timau, chini ya Mlima Kenya, maji ya bomba huuma meno kwa baridi. Ndiyo maana katika ofisi ya shamba la maua nilikokuwa karani, karibu kila meza ilificha hita ya umeme chini yake, imezungushiwa sweta meneja asiione.

Meneja alinipa kazi ya kupunguza matumizi ya stima. Matumizi yasiposhuka kufikia mwisho wa mwezi, alisema, birika kubwa la umeme litaondolewa, na mama aliyetupikia chai ataondoka nalo. Mama mwenyewe, aliyekuwa akilea wajukuu, alinisihi nisimwambie mtu. Hakutaka kuhurumiwa.

Nikabandika matangazo milangoni. Wiki ya kwanza watu walizima hita. Wiki ya pili, mtunza stoo alifungia ndizi kwa tangazo langu.

"Karani, baridi haijui kusoma," aliniambia.

Siku moja chai ilinuka moshi, watu wakalalamika. Nilizunguka nyuma ya jikoni nikamkuta mama amechuchumaa penye mafiga, anapuliza kuni mbichi, macho mekundu. Birika alikuwa amelichomoa.

"Nimeanza na langu," alisema. "Wengine watafuata."

"Mama, niruhusu niwaambie."

Alipuliza tena kabla ya kujibu. "Waambie. Lakini usinililie mbele yao."

Kila asubuhi tuliomba pamoja stoo kabla ya kazi, na baada ya amina mwenye ushuhuda alisimama. Kesho yake nilisimama mimi.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

Nikaeleza habari ya mita ya stima, birika, kazi ya mama, na moshi walioulalamikia. Kisha mtunza stoo akainuka, kofia mkononi.

"Ndugu zangu, naungama. Hata sasa tukiomba, hita yangu inawaka."

Tulicheka mpaka mhasibu akashika ukuta. Mtunza stoo akaenda kuizima.

Tangu siku hiyo mita ilisomwa baada ya amina. Matumizi yakipanda, watu waligeukiana: "Dada wa simu, leo ungama wewe!" Naye, mpokea simu wetu, aliungama, na kesho yake akaja amevaa makoti mawili.

Mwisho wa mwezi meneja alisoma daftari langu la mita mara mbili, akaliacha birika mahali pake.

Asubuhi iliyofuata mtunza stoo alionja chai, akakunja uso.

"Mama, mbona leo haina moshi? Nilikuwa nimezoea."

"Lete kikombe," mama alisema, akicheka. "Nitakutilia kuni."