Matroni wa Mikumi aliyeiba sweta Dumila

Malori ya kwenda Tunduma yananguruma barabarani, jua ndiyo kwanza linachungulia, na nyani wawili wameshapanda ukuta wa bweni kutafuta kiporo cha ugali. Elizabeti Yeremia anawafuata na ufagio wa chelewa mkononi.

"Shuka wewe mheshimiwa! Jana umekula sabuni ya watu, leo unataka mswaki?"

Wasichana wanacheka madirishani, povu la dawa ya meno likiwatoka. Shikamoo Matroni zinamiminika kutoka kila upande, naye anaitikia marahaba moja moja, hakuna anayerukwa. Ana miaka hamsini na minane, na ni matroni wa bweni la wasichana katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa Mikumi. Mshahara wake si wa kujengea ghorofa. Ukimuuliza kazi yake ni nini, anakujibu kwa mkato kwamba analea watoto wa watu.

Asubuhi hii, hata hivyo, moyo wake hauko kwa nyani. Kila akimaliza jambo anageuka kuutazama mlango wa chumba chake, ambako sweta la shule limetundikwa kwenye msumari. Ni sweta la bluu, limechakaa viwiko, na lina ukubwa wa msichana mwembamba. Si lake. Ameliiba, na anasema hivyo mbele ya mwandishi bila aibu hata chembe.

"Andika tu. Andika Elizabeti mwizi. Nimeliiba Dumila, mchana kweupe, mwenyewe ananiangalia."

Mwenyewe anaitwa Loveth, wa kidato cha tatu. Hajaonekana shuleni tangu likizo fupi ya Septemba. Mitihani ya kufunga mwaka iko mlangoni, na asipotokea kuifanya ataandikwa mtoro. Elizabeti amewaona walioandikwa hivyo miaka ya nyuma. Wengi hakuwaona tena wakiwa na sare mwilini.

Wizi huu una mizizi yake, na mizizi hiyo iko mbali, huko Mamboya milimani, alikozaliwa. Baba yake, mzee Yeremia, alikuwa mwinjilisti wa Kanisa Anglikana, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kulima. Mara moja moja aliteremka naye hadi Kilosa kulitazama treni. Elizabeti akisimulia hapo uso unamng'aa, unamwona yule mtoto.

"Eh, Kilosa ya wakati ule! Treni likisimama, Wanyamwezi wanaokwenda kwao Tabora wanatoa vichwa madirishani. Mama zetu Wakaguru wako chini na machungwa. Basi hapo hakununuliwi chungwa kabla ya matusi! 'Nyie watu wa milimani, eti mnalala mmejifunga mguu kitandani msiporomoke?' Na mama anajibu palepale, 'Tulia wewe mtumwa wangu, kichwa chako kimebonyea kwa kubeba mizigo ya watu!' Wanacheka, wananunua, treni linaondoka wanapungiana mikono. Jamani, ilikuwa raha."

Ule ulikuwa utani, na kwao utani haukuwa maneno ya kupitisha muda. Mkaguru na Mnyamwezi walikuwa watani kwa asili. Mtani aliruhusiwa kukutukana, kukunyang'anya kuku bandani, hata kukuvua kofia mbele ya wakwe, nawe ukinuna umevunja mwiko. Kitu chako ulikipata kwa kumfuata kwake na kukikomboa, kwa maneno au kwa chochote ulicho nacho. Siku ya msiba mtani huyohuyo ndiye aliyeshika jembe.

Alipofariki mzee Yeremia, Mnyamwezi mmoja fundi wa reli alijilaza ndani ya kaburi lililokwisha kuchimbwa, akakataa kutoka. Alisema mwinjilisti huyu alikuwa anambania nafasi ya mbele kanisani, sasa zamu yake kumbania. Elizabeti, binti wa miaka kumi na mitano, alijikuta anacheka huku machozi yanamtiririka. Yule fundi alipotoka ndiye aliyeufukia mwili, na alikuwa wa mwisho kuondoka.

"Sijawahi kufarijiwa vile tena," anasema.

Julai mwaka huu, shule ilipata wageni. Ni watafiti wa vyuo vya nchi tatu walioungana kuchunguza uonevu mashuleni, ule wa uso kwa uso na ule unaopita kwenye simu, ili watafute namna ya kuwakinga watoto. Elizabeti alimtangazia jirani yake kwa mbwembwe kwamba bweni lake linapokea watu kutoka Ulaya. Jirani akamuuliza, "Ulaya ya ndege, au Ulaya yetu hii ya kwenda Kilosa?" Maana ipo kata inaitwa Ulaya, njiani hapo, na ina mihogo mizuri sana.

Aliyewaongoza wageni ni Dokta Octavian, kijana wa chuo cha hapa nchini, mpole, mwenye kiatu kilichojaa vumbi kama cha mwalimu wa kijijini. Aliwakalisha wasichana ukumbini kwa mduara na kuwaomba waongee kwa uhuru. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mnataniana hapa bwenini.

Ukumbi ulilipuka. Tunataniana sana! Raha tupu! Elizabeti, aliyekuwa anamimina chai pembeni, akatia la kwake kwamba bweni hili bila utani halilaliki. Dokta akacheka, wageni wakatafsiriwa nao wakacheka. Loveth alikuwa amekaa karibu na dirisha. Naye alicheka.

Hakuna mtu mzima pale ukumbini aliyejua kwamba mwezi mmoja kabla, wakati wa likizo, basi lililobeba baadhi ya wanafunzi lilisimama Dumila, njia panda. Wauzaji walilikimbilia kama kawaida yao, na miongoni mwao alikuwa Loveth, anayemsaidia bibi yake kuuza vitunguu. Beseni lilikuwa kichwani, khanga inafunguka, mdomo wazi anaita wateja. Mwenzake mmoja alimpiga picha dirishani, akaikata, akaigeuza kuwa stika ya WhatsApp.

Stika ile ilikimbia kuliko basi. Mtu akichelewa, anatumiwa Loveth na beseni. Mtu akifeli, Loveth na beseni. Chini yake, kila mara, maneno mawili: utani tu. Shule ilipofunguliwa simu zilibaki majumbani, kwa sababu bwenini haziruhusiwi, lakini kicheko kiliingia na masanduku. Alipopita kwenda kuchota maji, mtu alianza kuchechemea na ndoo kichwani na kuita, "Vitunguu, abiria, vitunguu!" Alivumilia mpaka Septemba. Akaenda likizo, kimya, hakurudi.

Aliyeleta habari kwa Elizabeti ni Upendo, jirani wa kitanda cha Loveth. Alimkuta matroni anafua, akasimama hapo akichezea kona ya sketi yake muda mrefu.

"Matroni, ile stika niliitengeneza mimi."

"Stika gani tena, mwanangu?"

Upendo akaeleza yote, na alipomaliza akasema, kwa kulia kabisa, "Lakini nilikuwa namtania tu!"

Elizabeti aliziacha nguo ndani ya povu. Alilikumbuka lile swali la ukumbini na kicheko chake mwenyewe juu ya birika la chai. Alimpigia simu Dokta Octavian jioni ileile.

"Nilimwambia, mwanangu, tulimuuliza mtoto kama anaumwa kwa kutumia jina la dawa, utani. Halafu akasema, 'Mama, hata mimi nilicheka siku ile.'"

Dokta alilipeleka jambo hilo kwa wenzake wa nchi nyingine. Mmoja wao, mwanamke wa huko Ulaya ya ndege, alisema kwao pia lipo neno la namna hiyo, ambalo watoto hulikimbilia wakishamuumiza mwenzao. Sasa wote wanayapitia maswali yao upya. Elizabeti alifurahi kusikia, lakini maswali mapya hayamrudishi mtu darasani. Mkuu wa shule alishampigia simu bibi wa Loveth, akajibiwa kwamba mtoto hataki, na kumlazimisha ni kumpoteza kabisa.

Jumamosi iliyopita matroni akajifunga khanga mbili na kushika njia. Alipita Ulaya, akapita Kilosa, akaitazama stesheni ya zamani ilivyopoa. Anasema alitamani ateremke auze chungwa moja, basi tu, asikie mtu akimtukana.

Dumila alielekezwa nyumba ya Bibi Gaudiosa, bibi yake Loveth, Mnyamwezi ambaye marehemu mumewe aliletwa Kimamba na kilimo cha mkonge. Elizabeti hakupiga hodi. Aliingia uani, akafunua chungu jikoni, akasema kwa sauti ya kumwamsha jirani.

"Mtumwa wangu yuko wapi? Nimetoka Mamboya nina njaa! Na hicho kichwa bado kimebonyea, au mmepumzika kubeba mizigo?"

Loveth, aliyekuwa ananyanyua beseni, aliganda. Matroni wake, mtu wa shikamoo na kusali kabla ya kula, anamkashifu bibi yake kwa jambo lilelile lililomkimbiza shule!

Bibi Gaudiosa akainuka polepole kwenye mkeka. Uso ukamfunguka kama dirisha. "Aa! Kumbe mlima umeporomosha mwingine! Nani kakufungua kamba mguuni, wewe?" Wakashikana mabegani, wakatukanana mpaka bibi akaomba maji ya kunywa.

"Bibi, mbona unacheka?" Loveth aliuliza, na sauti ilikuwa ya kilio. "Amekucheka kwa kubeba mizigo!"

"Na mimi sijamcheka?" bibi alimjibu. "Huyu ni mtani wangu. Babu yako alipokufa, Wakaguru wa Msowero ndio waliolala kaburini mwake, na ndio waliomzika. Siku yangu ikifika, atakuja mtu kama huyu."

Elizabeti akamgeukia msichana. Anakumbuka alivyomuuliza, kwa sababu alikuwa ameyatafuta maneno hayo njia nzima.

"Waliokucheka kwenye simu, uliweza kuwacheka na wewe?"

Loveth akatikisa kichwa.

"Ukiugua, watakuja?"

Akatikisa tena, na hapo akalia kilio kirefu, kile alichokibana tangu Julai. Alisema wengine hata hakuwajua, ni majina ya kwenye simu tu. Alisema siku ile ukumbini alicheka kwa sababu aliona akinyamaza watajua kwamba anaumia.

"Basi ule haukuwa utani," Elizabeti akamwambia. "Ule ulikuwa uonevu, umevaa nguo zetu. Na mimi nilikuwa namimina chai, sikuuona. Nisamehe, mwanangu."

Hakumwambia arudi shule. Alikula, akashukuru, akaaga. Alipofika mlangoni aliona ngata ambayo Loveth alikuwa anaiweka kichwani chini ya beseni. Ilikuwa sweta lake la shule, limekunjwa duara. Matroni akalinyakua.

"Hili naondoka nalo! Mnanijua, sisi watani hatuombi. Anayelitaka anifuate Mikumi, na aje na kuku!"

Akakaza mwendo kuelekea stendi, khanga inapepea, mwanamke wa karibu miaka sitini anakimbia na sweta la mtoto. Nyuma yake alimsikia Bibi Gaudiosa akicheka na kupiga makofi. Loveth hakumsikia akisema kitu.

Siku zimepita tangu hapo, na hakuna neno. Elizabeti anakiri kwamba ameanza kuogopa. Huenda mtoto wa siku hizi haujui mwiko ule, huenda ameona ameibiwa tu, basi. "Nikiwaza hivyo nakosa raha. Nasema, nimempokonya hata kile kidogo kilichobaki."

Anasema hayo akichambua mchele wa mchana, simu yake ndogo ikiwa juu ya ndoo. Simu inalia mlio wa ujumbe. Anaitazama, anainyanyua, anaisogeza mbali na macho, anaambulia jina tu, mengine yanamshinda. Miwani iko chumbani.

"Nisomee, mwandishi. Ni namba ya Gaudiosa."

Ujumbe si wa Gaudiosa. Unasomeka hivi: "Mwizi wa milimani, shikamoo. Sweta langu usilianike juani, litapauka. Bibi anasema kuku hatoi ng'o, mtumwa hana deni kwa mtumwa mwenzake. Jumapili nakuja kulichukua mwenyewe. Na usijifunge kamba mguuni, unipokee stendi. Loveth."

Elizabeti anaomba usomwe tena. Anacheka mpaka ungo wa mchele unamtetemekea mapajani, halafu anajifunika uso kwa khanga.

"Marahaba," anasema ndani ya khanga. "Marahaba, mtumwa wangu."

Hatajibu kwa simu. Jumapili, akitoka kanisani, ataondoka na Upendo hadi stendi, na Upendo ndiye atakayelishika sweta. Atamwomba mwenzake msamaha kwa mdomo, amemwangalia usoni, na Loveth atakuwa huru kumjibu anavyotaka. Dokta Octavian naye ameahidi kurudi mwezi ujao na wenzake. Safari hii matroni ataweka birika chini na kuuliza yeye swali la kwanza: nani amekucheka, nawe ukashindwa kumcheka?

Lakini hayo ni ya mbele. Kwa sasa anaingia chumbani, anatoka na sweta, analichovya kwenye maji ya sabuni na kulifikicha kola taratibu. Kamba ya nguo iko uani, katikati ya jua kali la Mikumi. Elizabeti anaipita, anazunguka nyuma ya bweni, na kulianika kivulini.