Siku Wazazi Waliposhika Masikio

Mlango bado umefungwa, lakini ndani ya chumba cha mabati kilicho nyuma ya ghala la saruji, mwanamke mmoja amepiga magoti anafuta viti. Ni viti vifupi. Mtu mzima akikikalia kimoja, magoti yanamfika kidevuni. Simu yake imeegemezwa kwenye kopo, inaongea peke yake.

"Mwenzangu, umelala kweli?" sauti ya kike inauliza kutoka kwenye simu. "Mimi sijalala. Utadhani mkutano ni wangu."

Anacheka, anajifuta mkono kwenye gauni, anabonyeza na kujibu. "Nimelala wapi, dada yangu. Nimegeukageuka mpaka mzee akaniuliza kama nimekula kitu kibaya."

Mtaani wanamwita Mwalimu Vifuniko. Jina hilo amepewa na wauza vinywaji, maana hapiti dukani kwa mtu bila kuomba vifuniko vya chupa. Anaviosha, anavitoboa, anavipaka rangi. Vingine ni pesa za duka la mchezo, vingine magurudumu, vingine vinatungwa kwenye uzi kwa mpango: chekundu, cheupe, cheupe, chekundu. Ana umri wa miaka arobaini na miwili na watoto thelathini na wanne, wote wa watu.

"Wa kwangu ni wakubwa, wameshaanza kunijibu," ananiambia. "Hawa ndio bado wananiamini."

Dada aliyekuwa akizungumza naye kwenye simu ni mwalimu wa chekechea kama yeye, ila yuko nchi nyingine, huko milimani, ambako asubuhi watoto wanafika midomo ikitetemeka. Wenzake wanamwita Mwalimu Sweta, kwa sababu hajawahi kuonekana bila sweta. Wa tatu wao ni mwanamume wa miaka thelathini tu, lakini watoto wake wamemwita Babu na jina limemganda. Huyo naye ana nchi yake. Walikutana kwenye mafunzo ya walimu wa watoto wadogo yaliyotolewa kwa njia ya simu. Mafunzo yalikwisha, wao hawakuachana. Kila jioni lazima mmoja atume ujumbe wa sauti, na wengine wanausikiliza huku wakifua au wakipika.

Ukiwasikiliza, utadhani wanafundisha mtaa mmoja. Mwalimu Sweta ana watoto sitini na yuko peke yake. Akimpeleka mmoja chooni, hamsini na tisa wanabaki na Mungu. Babu alipoanza kazi, kina mama watatu walikaa nje ya dirisha mpaka mchana, wakimchungulia. Walikuwa hawajawahi kuona mwanamume akimfuta mtoto kamasi kwa mapenzi.

"Siku ya pili wakaja wawili," Babu anasimulia kwenye simu ya video, akicheka. "Siku ya tatu akaja mmoja, naye akaniomba nimfunge mtoto wake nywele. Nikajua nimeajiriwa."

Lakini kuna jambo moja linalowaumiza wote watatu kwa pamoja. Wazazi wanataka maandishi. Wanataka mtoto wa miaka minne arudi nyumbani na kurasa zilizojaa. Wakikuta anacheza, wanaona wanaibiwa.

Na leo jambo hilo limemfika Mwalimu Vifuniko shingoni. Mchana kuna kikao, na wazazi wenyewe ndio wamekiitisha. Anayewaongoza ni Baba Mapacha, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mwenye sauti ya kushindana na mashine yake. Amesema wazi kwamba akiona watoto wake bado wanatunga vifuniko, atawahamishia shule ya barabarani ambako hata watoto wa miaka mitatu wanapewa kazi ya nyumbani. Familia kumi na tano ziko nyuma yake. Wakiondoka hao, ada zitakazobaki hazitatosha kulipa pango la chumba wala msaidizi. Darasa litafungwa.

"Sitakudanganya, naogopa," anasema, huku akivipanga viti. "Lakini pia nina hamu. Miaka yote wananisema kwenye foleni ya maji. Leo wataniambia usoni, na mimi nitajibu."

Jibu analo. Mwalimu Sweta amemsaidia kuliandaa, na wiki nzima amekuwa akilikariri mbele ya mumewe, ambaye sasa analijua kuliko yeye. Linaanza hivi: "Ndugu wazazi, mchezo ni kazi ya mtoto." Baada ya hapo lina maneno mazito kama ukuaji wa misuli midogo na maandalizi ya fikra. Akifika kwenye fikra, ulimi unajikwaa.

Mlango unafunguliwa na kelele zinaingia kabla ya watoto. Mmoja analia kwa sababu kiatu kimemkataa. Mwingine ana habari kwamba paka wao amezaa, na anataka kila mtu asimame asikilize. Mapacha wa fundi, wa kiume na wa kike, wanagombania mlango ili kila mmoja awe wa kwanza.

Mwalimu hapandishi sauti. Anapiga makofi matatu na kuuliza polepole, "Masikio yako wapi?"

Watoto wote wanashika masikio yao. "Yapo hapa, mwalimu." Chumba kinatulia, hata wa paka amenyamaza.

Asubuhi inakwenda kwa kasi. Upande mmoja kuna duka, na muuzaji anakataa kukopesha. Upande wa pili wanamimina maji kutoka chupa kubwa kwenda vikombe vidogo, wakibishana nani amejaziwa zaidi. Pacha wa kike ameamua kwamba kila mtu apate sawa, na kaka yake anamwambia, "Wewe si mama yetu." Mwalimu anapita katikati yao akiwa amechuchumaa. Kila akiinuka anashika kiuno.

Hakuanzia kwenye ualimu. Alikuwa anafagia ofisi za watu. Majirani wawili wakamwomba awaangalizie watoto siku ambazo hana zamu, na kabla hajajua, sebule yake ilikuwa imejaa. Mama mkwe wake akamwambia achague: ama watoto, ama makochi. Akauza makochi. Anachopata sasa hakifiki nusu ya mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi, na miezi mingine hapati kitu. Ila ukimuuliza kama anajuta, anakutazama kama umemuuliza swali la kitoto.

Mchana, wazazi wanaanza kuingia. Watoto wako uani na msaidizi. Viti vya watu wazima havipo, kwa hiyo kila mzazi anajikunja kwenye kiti cha mwanawe. Bibi mmoja aliyekuja kwa niaba ya binti yake anaambiwa akae polepole. Anajibu, "Kukaa si tatizo. Niulizeni nitakavyoinuka."

Simu imeegemezwa mezani, Mwalimu Sweta na Babu wakionekana kila mmoja kwenye kisanduku chake. Waliomba kuwapo. Babu ameacha darasa lake limelala usingizi wa mchana na ananong'ona.

Baba Mapacha anasimama. Amekuja na nguo za kazi, miwani ya kuchomelea iko juu ya kichwa. "Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe," anaanza. "Unawapenda watoto, kila mtu anaona. Lakini mapenzi hayafaulishi mtihani. Wa jirani yangu ana miaka minne, anaandika jina lake. Wangu wana mitano, wananiletea vifuniko. Sasa niambie, mwaka mzima wamejifunza nini?"

Hapo ndipo mambo yanapovurugika. Mama mmoja anasema kweli kabisa. Mwingine anasema si kweli, wake ameacha kung'ata wenzake. Wa nyuma anauliza kwani kutong'ata ni somo. Bibi anasema kwa mjukuu wake, ndiyo, ni somo kubwa. Wanaanza kusemezana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akipanda juu ya mwenzake, na mwalimu amesimama katikati na hotuba yake mdomoni.

"Ndugu wazazi," anasema. Hakuna anayesikia. "Mchezo ni kazi ya..." Na maneno yanampotea, yote, hata yale mepesi.

Hakupanga alichofanya. Mikono ilijiendea yenyewe, kama inavyofanya kila asubuhi. Akapiga makofi matatu. "Masikio yako wapi?"

"Yapo hapa, mwalimu."

Walijibu wote, kwa sauti moja. Na si kujibu tu. Mikono yote ilikuwa juu, kila mtu ameshika masikio yake. Bibi ameshika. Mama wa nyuma ameshika. Baba Mapacha, katikati ya chumba, amesimama wima na miwani yake kichwani, ameshika masikio yote mawili.

Wakatazamana, mikono ikiwa bado masikioni. Kisha kwenye simu ikasikika pumzi ya mtu anayezuia kicheko na kushindwa. Ni Babu. Ameshasahau kwamba watoto wake wamelala.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu akajiziba uso kwa aibu. "Nisameheni, jamani. Mdomo umezoea."

"Wewe umezoea," akasema mama wa mbele, akimgeukia Baba Mapacha. "Na wewe fundi, umejulia wapi?"

Baba Mapacha akashusha mikono. "Hao watoto," akasema, kwa sauti ambayo wengi walikuwa hawajaisikia, ya chini. "Kila jioni wananiweka darasani. Mimi na mama yao tunakaa chini, wao wanasimama. Nikichelewa kushika masikio wananirudisha mwanzo."

"Na wanakufundisha nini?" mwalimu akauliza. Ananiambia sasa kwamba hilo halikuwemo kwenye hotuba. Alitaka tu kujua.

Fundi akakuna shingo. "Wamenipangia skrubu. Nilikuwa nazo zimechanganyika kwenye ndoo, miaka. Wamezitenga kwenye makopo, ndefu peke yake, fupi peke yake, za kichwa bapa peke yake. Nikichukua moja lazima niseme nimechukua." Akarekebisha miwani kichwani. "Na wananiambia nisubiri zamu yangu."

Basi ikawa kama mtu amefungua bomba. Mama mmoja akasema binti yake anaweka sahani mezani, moja kwa kila mtu, na hakosei, hata ya baba aliye safarini anaitenga. Mwingine akasema mwanawe amegundua muuza duka aliwazidishia chenji, akamlazimisha mama yake arudi kuirudisha. Bibi akasema yeye amekatazwa kunywa dawa bila kunawa mikono. Kila aliyesimama alitaka kumpita aliyetangulia, na mwalimu hakuhitaji kusema kitu. Alivuta kiti, akakaa, akawasikiliza.

Baba Mapacha hakukubali kirahisi. "Yote sawa," akasema mwishoni. "Lakini kuandika bado nakutaka."

"Utakupata," mwalimu akamjibu. "Vidole vilivyopanga skrubu zako ndivyo vitakavyoshika kalamu. Niachie mpaka mwisho wa mwaka. Nikishindwa, wahamishe, nitakusindikiza mwenyewe."

Fundi akatazama kiti alichokuwa amekalia, akakiinua, akakigeuza. "Mguu huu umelegea," akasema. "Nitakuja nacho kesho, nikiwaleta."

Aliposema "nikiwaleta", mama wa nyuma akamtazama mwenzake, na wengi wakaelewa kwamba kikao kimekwisha. Familia mbili zilisema bado zinafikiri, na moja kati ya hizo imeshaondoka. Zilizobaki zipo. Pango limelipwa.

Wiki moja baadaye, Mwalimu Vifuniko bado hajatulia. Anazungumza huku akitoboa vifuniko, na kila sentensi inataka kuwahi nyingine. Mwalimu Sweta aliwauliza wazazi wa darasa lake huko milimani swali lile lile, wanafundishwa nini jioni, na baba mmoja akaimba wimbo wa siku za wiki mbele ya watu sitini. Babu amepeleka swali kwa wale kina mama wa dirishani. Majibu bado yanaingia, Babu anasema, simu yake imejaa.

Sasa wote watatu wana mpango. Mara moja kila muhula, siku moja katika nchi zote tatu, wazazi watakaa kwenye viti vifupi na watoto ndio watakaofundisha. Simu zitakuwa wazi ili kila darasa liyaone mengine. Na siku moja, wakipata nauli, wakutane ana kwa ana. Mwalimu Sweta ameahidi kuja bila sweta, jambo ambalo hakuna anayeliamini.

Siku ya kwanza wameshaipanga, na watoto wameshaanza kugawana masomo. Nilimuuliza mwalimu nani atatangulia.

"Mapacha," akasema. "Wameshanijulisha wataanza na baba yao. Skrubu anaziweza, lakini kusubiri zamu bado hajafaulu."