Kifua cha Refa

Refa huyu walimbandika jina la Simama, na lilimkaa sawasawa. Hakuna mechi aliyoichezesha bila kupuliza filimbi mpaka watazamaji wakashika vichwa. Ukimgusa mwenzako bega, faulo. Ukirusha mpira umeinua mguu, wapewe wapinzani. Mashabiki walimwita mnoko, lakini wakuu wa ligi walimpenda kwa hilo hilo: mtu wa sheria. Maskini, laiti wangejua! Sheria haikuhusika. Kilichosimamisha mchezo kilikuwa kifua.

Pumu alikuwa nayo tangu utotoni, na alikwisha kuibunia mbinu. Akikimbia lango hadi lango bila kupumzika, pumzi huanza kukwama. Hapo anatafuta kosa popote lilipo, anapuliza, anasimama mikono kiunoni akijifanya anafikiri. Wachezaji wanabishana, yeye anavuta hewa. Kadi ya njano ndiyo iliyompa nafuu kubwa, maana namba ya mchezaji aliiandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Asubuhi ya nusu fainali, dada yake mkubwa, muuguzi, alimkuta akifunga kamba za viatu, akizifungua, akizifunga tena.

"Ile dawa ya kila siku umevuta?"

"Nimevuta, dada."

"Usinidanganye. Pampu yenyewe imeshika vumbi."

"Sasa kama kifua hakinisumbui, navuta ya nini?"

"Si ndiyo kazi yake, kisikusumbue! Na ile ya bluu, ya kukuokoa ukibanwa, kaa nayo mwilini. Siyo kwenye begi."

Akaitikia, kisha akaitia kwenye begi. Mfukoni mwa kaptura ingetokeza, na wakuu walikuwa wanakuja kuchagua refa wa fainali. Fainali aliitamani miaka yote. Nani angempa mtu wa pumu?

Uwanja ulikuwa mkavu, vumbi tupu, na jirani mmoja asiye na haya alikuwa amechoma takataka upande wa upepo. Simama hakutulia tangu mwanzo. Alitazama saa, moshi, jukwaa, saa tena. Mechi ikielekea kwisha, sare, mshambuliaji waliyemwita Mlingoti kwa urefu wake akaunasa mpira, akawatoka mabeki, akabaki na kipa peke yake. Simama alikuwa nyuma yake, kifua kikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Akajiambia avumilie kidogo tu. Hakuweza. Hofu ikampanda, mkono ukaenda wenyewe mdomoni, filimbi ikalia kwa sauti nyembamba. Mpira ukaingia wavuni baada ya hapo.

Mlingoti akageuka. "Refa, nimefanya nini?"

Simama hakuwahi kukosa jibu. Umeotea, umesukuma, umeshika: angechagua lolote, nani angempinga? Jukwaani wakuu walikuwa wamesimama. Lakini Mlingoti hakufoka. Aliuliza ili ajue, asirudie kosa, na hilo lilimchoma Simama kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa.

"Hujafanya kitu," alisema, neno moja moja. "Ni mimi. Pumu. Begi... ya bluu..."

Aliyetimua mbio kulifuata begi ni Mlingoti mwenyewe. Simama akakaa chini katikati ya uwanja, akavuta dawa mbele ya macho ya watu wote, akatulia kidogo, akavuta tena kama dada yake alivyomfundisha. Jukwaani mtu akapaza sauti, "Mpeni kadi, anapoteza muda!" Watu wakacheka. Hata yeye angecheka, kama angekuwa na pumzi.

Bao halikuhesabiwa, kwa kuwa filimbi ilitangulia. Refa wa akiba akaingia, mchezo ukaendelea, na timu ya Mlingoti ikatolewa kwa penalti.

Baadaye Mlingoti alimfuata pale alipoketi, jezi begani, macho mekundu. Simama alijiandaa kutukanwa. Angalau hilo alilizoea.

"Ungetuambia tu, refa," Mlingoti alisema. "Tungekusubiri."