Ruhusa ya Ijumaa

Harufu ya kitenge kinachopigwa pasi hainiachi. Kila Alhamisi baada ya Alasiri, jikoni kwetu Darsait, katika nchi ya Kiarabu, Neema alilinyunyizia maji gauni lake la kanisani, akalipitishia pasi, na mvuke ukajaa hadi ukumbini. Alikuwa dada wa Kitanzania, mwenyeji wa Moshi, aliyefanya kazi nyumbani kwetu, na Ijumaa asubuhi, siku ya mapumziko ambayo huku hata makanisa husali, Bibi alimpa ruhusa ya kwenda kusali Ruwi, kwa sharti arudi kabla ya chakula cha mchana. Bibi, mzaliwa wa Unguja, alijisifia hilo mbele ya watu. "Mie nna moyo," akisema, "kila mtu na dini yake." Nilikuwa na miaka kumi, nikiamini hakuna nyumba yenye moyo kama yetu.

Msimu ule wa baridi, shuleni kwetu Ghubra, mwalimu wa historia alitugawia makoloni ya Waingereza, mimi nikaangukiwa na Maryland. Nilitaka Bibi naye anisikie, na Kiingereza hakujua, kwa hiyo nilijizoeza kwa Kiswahili jikoni, Neema akichambua mchele. Mfalme alimpa bwana mmoja nchi nzima, nikaeleza, ingawa ilikuwa na wenyewe, iwe yake kama nyumba yake, aweke watu na sheria. Bwana yule alikuwa Mkatoliki, na kwao Wakatoliki walinyanyaswa, basi akakaribisha Wakristo wa kila dhehebu, na ikatungwa sheria wavumiliane. Neema akaacha mchele.

"Sasa hapo anayevumilia ni nani, Salma? Mwenye nyumba au mgeni?"

"Mwenye nyumba," nikamjibu, nikishangaa hata anauliza.

"Haya. Mimi nilidhani ni mgeni." Akacheka kidogo, akarudi kwenye mchele wake.

Bora ningeishia hapo. Lakini nilikuwa na kimbelembele, na Ijumaa ile, tumezunguka sinia na Bibi na ami zangu, nikatoa kipande nilichokuwa nimekiweka cha mwisho: sheria ileile ya kuvumiliana ilisema anayekana Utatu auawe. "Yaani sisi, Bibi! Sisi tungeuawa!" Nilisema kwa furaha, kama aliyeshinda mchezo. Hakuna aliyecheka. Neema alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, ametoka kanisani hata gauni hajabadilisha. Bibi alilitazama gauni lile kuanzia juu hadi chini. "Kumbe," akasema. "Na sie huku twawafungulia milango."

Alhamisi iliyofuata Bibi alimwambia, "Neema, kesho nna wageni." Wageni walikuja. Wiki ya pili akasema vilevile, wakaja wawili. Ya tatu hakuja mtu, na Neema alishinda jikoni akisugua masufuria yaliyokuwa safi. Pasi ya Alhamisi ikawa ya kanzu za ami zangu tu. Nilijua ni mdomo wangu. Ningeweza kumwambia Bibi kwamba Neema hakuitunga sheria ile, wala hakuna wa kwao aliyefika huko, lakini sikusema, na hata leo sina sababu ya kutoa. Darasani nilisifiwa sana. Mkataba ulipokwisha, Neema alifunga sanduku lake, akanishika kichwa, akasema, "Usome, mdogo wangu." Nilingoja nilie, kilio hakikuja. Nikimkumbuka sasa nasikia ganzi tu, na chini ya ganzi hiyo aibu.

Bibi ameshafariki, Mungu amrehemu. Nilikuja kusoma baadaye kwamba hata sheria ile ya Maryland, pamoja na ubovu wake, ilifutwa. Waliokaribishwa hawakuwa na cha kushika mkononi ila hisani ya wakubwa. Mimi nina nyumba yangu Mabela, yenye rangi ambayo bado inanuka upya, na yupo Esta, kutoka Dodoma, anayenisaidia. Sijamnyima Ijumaa hata moja, na nimewahi kujisikia nikiwaambia wageni hivyo, kwa sauti ya Bibi kabisa. Alhamisi harufu ya kitenge hupanda ngazi hadi chumbani kwangu, nami najua kinachofuata. Esta husimama mlangoni, mikono ameikunja mbele.

"Mama, kesho naweza kwenda?"

"Nenda," namwambia.

Mwaka wa tatu huu ananiuliza kila wiki, na sijawahi kumwambia asiulize.