Kadi kubwa kwenye PC ya ofisini, na baba yangu anayeogopa ndege

Wakuu, salaam aleikum.

Mimi ni mtu wa kusoma na kupita kimya humu. Leo nimeleta langu, na wallahi sikuongeza wala sikupunguza. Hata pale nilipoonekana kituko nitapasema.

Kwa wale watakaoanza na "kaka umetisha", mimi ni dada. Naishi kwa wazazi wangu Port Reitz, nafanya kazi za mtandaoni, na starehe yangu ni moja tu: gemu ya kurusha ndege. Wenzangu wanapenda mpira na vita. Mimi napenda kupaa taratibu na kutua taratibu.

Sasa, baba yangu.

Baba amefanya kazi uwanja wa ndege tangu ujana wake hadi kustaafu. Alikuwa akipakia mizigo kwenye tumbo la ndege. Na miaka yote hiyo hajawahi kupanda ndege, hata ya kwenda Lamu. Si kwamba nafasi hakupata. Anaogopa.

Ukimuuliza, hakufichi. Anakwambia: "Mimi ndimi n'loipakia. Masanduku yale nayajua uzito wake. Kitu kile hakina haki ya kupaa."

Tulikuwa tukicheka, mpaka likaja suala la umra, safari ya Makka.

Mama anatamani umra tangu mimi sijazaliwa. Mwaka huu sisi watoto tulijikusuru, ikapatikana safari ya watu wawili. Baba akasema yeye haendi, mama afuatane na kaka yangu. Mama akasema bila mume wake hatoki nje ya mlango huu. Majina ya kundi la safari yalikuwa yafungwe Ijumaa.

Hakuna aliyegombana. Lakini nyumba ilipoa, wakuu. Hata chai tulikuwa tukinywa kimya.

Mimi nikajiona nina dawa. Nitamrusha baba papo hapo sebuleni, aone kwamba kupaa si jambo la kutisha.

Hapa ndipo habari ya kompyuta inapoanza. Wenye haraka mngeshukia hapa moja kwa moja.

Mashine yangu ni zile za ofisini zilizotumika ng'ambo zikaja kwa kontena. Processor yake ni i5 ya kizazi cha nne, ya zamani. Wengi wetu Pwani tumeanzia hapo, tusidanganyane. Nilikuwa nimetoka tu kuinunulia kadi ya graphics ya GB 12, mpya, ndani ya boksi lake. Power supply nilishabadilisha, msianze.

Kwa nini nilikimbilia kadi? Kwa sababu kila duka la kompyuta nililowahi kuingia, swali la kwanza ni "ina graphics ngapi?" Processor, ubongo wenyewe wa mashine, hakuna anayeiulizia. Nikaamini kadi ndiyo gemu yenyewe, mengine ni mapambo.

Basi, mwanzo wa wiki ile, baada ya alasiri, nikaunganisha mashine na TV ya sebuleni. Baba nikamkalisha, mama akasimama nyuma ya kiti chake. Tukaondoka Malindi kuja Mombasa.

Juu ya bahari mambo yalikuwa mazuri. Maji chini, mawingu pembeni, baba ameinama mbele anaangalia. Moyo wangu ukafurahi.

Tukaanza kuteremka. Nyumba za Changamwe zikaanza kujitokeza, barabara, kontena, uwanja wenyewe na ndege nyingine zimesimama.

Picha ikaganda.

Ikaruka mbele. Ikaganda tena. Ardhi ikawa inatujia kwa vipande, mara iko mbali, mara iko usoni. Baba alishika mkono wa kiti.

"Mwanangu, yakwama hewani?"

Nikamwambia: "Si ndege baba, ni kompyuta."

Akanigeukia. "Na hizo za kweli zaendeshwa na nini?"

Alichukua kofia yake akaenda msikitini, na magharibi bado sana. Mama akaniambia tu, "Si kitu, mwanangu," akaingia jikoni. Lile "si kitu" liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Badala ya kumsaidia mama, nilikuwa nimempa baba ushahidi.

Wakuu, siku iliyofuata kila mtu alikuwa fundi. Kaka yangu akasema ni joto, tukafungua ubavu wa mashine tukaielekezea feni. Jirani akasema ni chumvi ya bahari, nikasafisha kila pini kwa spirit. Mimi mwenyewe nikaanza kuamini nimeuziwa kadi feki.

Nikashusha settings zote mpaka chini kabisa. Miti ikawa mabonge, bahari ikawa kama sakafu iliyopakwa rangi ya buluu. Nikatua tena.

Ilikwama vilevile. Si zaidi, si kidogo. Vilevile!

Hapo ndipo nilipoanza kushangaa badala ya kukasirika. Nimeipunguzia kadi mzigo wote, na FPS, yaani idadi ya picha kwa sekunde, haikupanda hata kidogo. Inawezekanaje?

Nikapiga picha skrini ya Task Manager, ile inayoonyesha kila kifaa kinatumika kiasi gani, nikachomoa na ile kadi niliyoishuku, nikaenda Kiembeni kwa binamu yangu Rukia.

Rukia ni mpiga video wa harusi, upande wa wanawake. Wa huku mnajua: sherehe za ndani za wanawake hazipigwi na mwanamume, na video yake haihaririwi na mwanamume. Kwa hiyo mashine yake haijawahi kuguswa na fundi wa mtaani. Kila kitu anajifunza na kukifungua mwenyewe, kwa bisibisi yake. Ana processor ya kisasa yenye nguvu, kwa sababu ya kuhariri. Kadi yake ni ndogo, ya GB 4.

Aliangalia ile picha akacheka mpaka nikanuna.

"Kadi yako imelala, wewe. Tazama. Processor asilimia mia, kadi thelathini na kitu."

"Imelala vipi na gemu inakwama?"

"Umewahi kupika mahamri na mama yako? Basi karai lako kubwa, mafuta yachemka, lakini anayesukuma unga ni mmoja na mikono yamuuma. Karai litafanya nini? Lasubiri."

Nikabisha. Nikamwambia nimeshusha settings zote.

"Umepunguza kazi ya karai. Ya anayesukuma iko pale pale."

Kumbe kabla kadi haijachora picha hata moja, processor inapaswa kupiga hesabu za upepo, injini, ndege nyingine, kila jengo lililo mbele, halafu ndipo iiambie kadi "haya, chora". Juu ya bahari hakuna cha kuhesabu sana. Ukifika Changamwe, hesabu zinafurika. Ndiyo maana ilikuwa inakwama kwenye kutua tu.

Lakini kusikia ni kimoja. Tukaweka gemu kwenye mashine ya Rukia, na kile kikadi chake. Nikatua uwanja uleule, settings za kati.

Wakuu, ilishuka kama mtu anayeteremka ngazi nyumbani kwake. Picha haikuwa ya kupendeza sana, lakini haikuganda hata mara moja. Kadi ndogo kuliko yangu!

Halafu Rukia akazima, akachomoa kadi yake, akachomeka yangu.

Subhanallah.

Nimecheza gemu hii kwa muda, lakini ile siku ndiyo niliiona. Jua limepiga mabati ya nyumba. Maji ya hori la Port Reitz yana mikunjo. Kivuli cha ndege yetu kinapita juu ya paa, nami nakifuata kwa macho. Rukia, ambaye gemu anaziita upuuzi, aliacha simu yake ikilia. Nilihisi machozi, na sioni haya kusema.

Processor na kadi ni kama wachumba, lazima wawe kufu, wanaolingana. Hilo nitalirudia chini.

Sasa nikawa na shida nyingine. Baba hawezi kuja Kiembeni kuangalia kitu ambacho alishakikataa. Lazima mashine iende kwake. Na Rukia akasema hapana, mashine yenye harusi za watu haiingii nyumba yenye wanaume. Ni amana. Alikuwa sahihi, na sikumlaumu.

Nikamweleza habari ya mama. Sikumbembeleza, nilimweleza tu ilivyo.

Kisha akafungua mashine, akachomoa diski yenye harusi zote, akaitia kwenye mkoba wake. "Twende. Lakini mkoba huu hautoki mapajani kwangu."

Ilikuwa Alhamisi.

Baba hakukubali kukaa. Alisimama mlangoni, eti anatafuta miwani yake, na miwani iko mfukoni tunaiona. Niliondoka Malindi, nikaja juu ya bahari, nikaanza kuteremka.

Changamwe ikaja. Haikuganda.

Nilikuwa nasikia hatua za baba zikisogea nyuma yangu. Tulipokaribia uwanja akaingiza kidole chake mbele ya uso wangu, akaigusa TV.

"Pale ndipo tulipokuwa tukisimama kungojea ndege."

"Naam, baba."

"Kumbe kutoka juu twaonekana."

Alilisema polepole sana. Miaka yote aliinua shingo kuzitazama zikiondoka. Hakuwahi kufikiria kwamba na kutoka kule kuna mtu anamwona yeye.

Tukatua. Nikadhani yamekwisha, nimeshinda. Lakini baba ni baba.

"Hii ndege yako ni tupu," akasema. "Tupu hata mimi napaa."

Gemu ile ina ukurasa wa kupakia uzito. Nikaufungua. Baba akavaa miwani yake.

"Jaza."

Nikajaza nusu.

"Jaza, mwanangu. Jaza mpaka mwisho. Mizigo, watu, mafuta."

Nikajaza mpaka ikakataa kuongezwa. Nikaipeleka mwanzo wa barabara ya kurukia, nikasukuma nguvu zote. Ndege ikaanza kwenda, nzito, nzito kweli. Barabara inaliwa, pua haijainuka. Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Rukia kaukumbatia mkoba wake. Mimi mwenyewe nikaanza kuogopa, na natambua ni gemu!

Kama picha ingeganda pale hata kidogo tu, mambo yalikuwa yamekwisha.

Haikuganda. Ikanyanyuka. Taratibu, bila haraka, na masanduku yake yote.

"Allahu akbar," baba akasema, kwa sauti ndogo kama anaswali.

Tulikaa hivyo mpaka Port Reitz ikawa ndogo chini yetu. Halafu baba, bila kuondoa macho kwenye TV, akamuuliza mama:

"Wewe wataka kukaa dirishani ama kando?"

Mama alijifunika uso kwa leso yake, na unga ukabaki kwenye nyusi.

Haya, somo kwa wenzangu, kabla hujatoa hela yako:

Usinunue kadi kwa kuangalia GB. Angalia kwanza nani amechoka. Processor ikiwa mia na kadi imelala, kadi mpya haitakusaidia. Ukishusha settings na FPS isipande, umeshajua mgonjwa ni nani. Kadi ikiwa mia na processor inapumua, hapo ndipo kadi ni haki yako. Na gemu hazifanani: za ndege, za kujenga miji na zenye umati mkubwa huinyonya processor, zile za mapambo mazito kwenye skrini kubwa huielemea kadi.

Mimi kadi yangu imerudi kwenye mashine yangu ya ofisini, inasubiri mwenzake. Naweka akiba.

Wazazi walikwenda, wakarudi salama. Mama anasema dirishani alikaa baba, kwenda na kurudi, na kila alipomwomba wabadilishane alijibiwa, "Ngoja kidogo, naangalia."

Nimemaliza. Anayeona nimekosea kwenye mambo ya kitaalamu anirekebishe, sina kinyongo. Na wengine mniambie: mashine yako iliwahi kumwonyesha nini mtu wa nyumbani kwenu mpaka akanyamaza?