Moto wa Kijani Haukutosha kwa Filamu

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya msingi hapa Kolwezi. Sikuwa nimeoa bado, na Kifaransa nilikijua kuliko watu wengi wa mtaa wetu. Kifaransa hicho ndicho kilichoniingiza katika mambo haya.

Walitoka Kinshasa mwezi wa saba, vumbi likiwa limeshaanza, watu wanane na malori mawili. Walitaka kutengeneza filamu ya mababu waliokuwa wakiyeyusha shaba kabla Wazungu hawajafika. Ilikuwa miaka ya kurudi kwenye asili. Tulikuwa tumeacha majina ya ubatizo na tai za shingoni, na kila mwenye cheo alitaka kuonyesha kwamba mababu walikuwa watu wakubwa. Mimi mwenyewe niliamini. Nilikuwa nimechoka kusimama mbele ya watoto na kitabu kinachosema kwamba huku kwetu hapakuwa na kitu mpaka treni ilipofika.

Kiongozi wao, aliyekuwa akipanga kila picha, alijua Kifaransa na Kilingala tu. Alikuja shuleni kuomba mtu wa kumtafsiria, na pia mzee aliyeona matanuru ya zamani kwa macho yake. Mkuu wa shule akanitazama. Wote walijua habari za yomba wangu, kaka yake mama.

Yomba alikuwa na miaka sabini na kitu. Utotoni mwake baba yake alimpeleka kambi ya wayeyushaji msimu mmoja, mmoja wa misimu ya mwisho kabisa. Ukubwani alifanya kazi kiwandani, akastaafu na kifua kibovu. Hakuwa mtu wa hadithi. Ukimuuliza habari za matanuru alikujibu kama fundi anayeulizwa habari za kazi yake: udongo wa kichuguu, kimo cha kiunoni, mivukuto ya ngozi ya swala, makaa mengi kuliko mawe. Basi.

Alikubali bila shida. "Kama banataka kuona, tutabaonyesha," alisema. "Lakini baone vile ilikuwaka."

Walichagua kilima upande wa kwenda Tenke. Kamera ilibidi igeuzwe mara nyingi, kwa sababu kila upande kulikuwa na kitu ambacho mababu hawakuwa nacho: nguzo za umeme, reli, mabaki meupe ya kiwanda. Yomba alijenga tanuru lake kwa siku mbili akisaidiwa na vijana wawili wa mtaani. Lilipokauka, kiongozi alilizunguka akicheka kidogo.

"Citoyen mwalimu," alisema, kwa maana siku zile sote tuliitwa raia, "muulize mzee kama hakukuwa na matanuru makubwa kuliko hili."

Nikamuuliza. Yomba akasema tanuru kubwa halipati moto sawasawa. Shaba inabaki ndani ya mawe. Siku iliyofuata mafundi wao walijenga jingine kwa matofali, refu kupita mtu, wakalipaka udongo kwa nje. La yomba likabaki nyuma, kama mtoto aliyekuja na mama yake sokoni.

Ndivyo mambo yalivyokwenda kila siku. Yomba alisema wanawake hawakukaribia tanuru hata siku moja. Wakaletwa wasichana ishirini kucheza wakilizunguka. Alisema wayeyushaji walivaa kipande cha ngozi kiunoni na kujipaka pemba, ule udongo mweupe, usoni. Wakamletea vazi la chui. Halikuwa ngozi. Kilikuwa kitambaa cha nailoni, kimechapwa madoadoa, kinang'aa. Alikishika kwa vidole viwili.

"Mwipwa," aliniita, yaani mpwa wake, "hii ni kitu gani?"

"Ni ya filme tu, yomba."

"Mbele ya moto mutu havalake kitu ya kung'aa vile."

Nilimwambia kiongozi kwamba mzee hajazoea mavazi ya namna ile. Kiongozi akasema atazoea. Yomba akalivaa, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwomba.

Lazima niseme hapa kwa nini nilikuwa nikitafsiri hivyo. Siku ya kwanza nilitafsiri kila neno. Nikaona uso wa kiongozi unavyokunjamana, akinitazama mimi, si yomba, kana kwamba ukaidi ni wangu. Siku ya pili akaniambia kwamba jina langu litaandikwa mwanzoni mwa filamu: mshauri wa historia. Mimi, mwalimu wa watoto wa wachimba migodi! Tangu siku hiyo maneno ya yomba yalipopita kinywani mwangu yalitoka yamelainika. "Ni uongo" ikawa "ni tofauti kidogo." "Haiwezekani" ikawa "mzee anafikiri."

Siku ya tano ya kupiga picha ilikuwa ya moto. Yomba aliomba wawashe kwanza lile dogo, na walimkubalia kwa heshima ya umri wake. Vijana wakavukuta tangu asubuhi. Kwenye saa nne, juu ya mdomo wa tanuru pakatokea ulimi mdogo wa moto, kijani kama jani la mhogo likipigwa na jua. Sijawahi kuona kitu kama kile. Yomba alikinyooshea kidole.

Kiongozi alitazama ndani ya kamera, akajiondoa.

"Hauonekani," alisema. "Watu watafikiri ni kosa la rangi. Nataka moto mwekundu, mkubwa, wa wafalme."

Wakaenda kwenye lile refu. Lilikuwa limejaa makaa yanayowaka chini, lakini halikuwa likitoa kitu ila moshi. Yomba akaketishwa mbele ya tundu la chini, penye mvukuto, na vazi lake la chui. Fundi mmoja akapanda ngazi kwa nyuma na ndoo ya petroli.

Yomba alinusa. Akageuka, akaona ndoo, akaniita kwa sauti ya juu.

"Mwipwa! Ubaambie! Bakimwanga essence pa juu, moto itatoka huku chini, fasi mi niko. Ubaambie itaua mutu!"

Kiongozi akauliza: "Anasema nini?"

Wasichana walikuwa wamesimama mahali pao. Jua lilikuwa zuri, na wote walikuwa wakilingoja neno langu. Nikasema kwa Kifaransa: "Mzee anaomba tuwe waangalifu."

"Mwambie tuko waangalifu," kiongozi akasema, akainua mkono, na fundi akamwaga.

Moto ulitoka chini. Haukuchukua muda hata wa kuita jina la mtu. Uliruka kwenye tundu kama mbwa aliyekatiwa kamba, ukamshika kifuani, na lile vazi halikuungua kama nguo inavyoungua, liliyeyuka, likamgandia. Nilimrukia nikamfunika kwa mchanga na koti langu. Mikono yangu bado ina alama. Yeye hakupiga kelele. Wasichana ndio waliopiga.

Alikaa hospitali siku kumi na tisa. Wauguzi walipokuwa wakiondoa nailoni mwilini mwake kwa kibano, mimi nilitoka nje. Mama alibaki, akamshika miguu. Siku moja mama alipokwenda kutafuta maji, yomba alifungua macho.

"Mwipwa. Ulibaambia namna gani?"

Sikuweza kumdanganya mtu aliyelala vile. Nikamwambia maneno niliyoyasema, neno kwa neno.

Kisha akasema, "Nipe maji." Hayakuwapo. Akageuza uso ukutani. Mama aliporudi, yomba alikunywa kutoka mkononi mwake, na mimi hakuniambia neno tena mpaka alipokufa.

Baada ya maziko, mama aliniita jikoni. Alikuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa, kichwa kimenyolewa.

"Kaka yangu alikuwa anajua kazi ya moto," alisema. "Hakubaonya?"

"Alibaonya, mama."

"Na weye ulibaambia?"

"Nilibaambia."

"Basi ni bale balimuua," alisema mama. "Mungu atabaona."

Filamu ilikuja mwaka uliofuata. Ilionyeshwa Jumapili mchana katika ukumbi wa wafanyakazi, nami nilikaa na wanafunzi wangu. Jina langu lilikuwapo, kubwa, pamoja na cheo changu. La yomba halikuwapo. Wasichana walicheza, na baadaye ukaja moto ule. Walikuwa wameukata kabla haujamfikia, ila mimi niliuona unaanza kutoka chini. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Watoto walinigeukia wakicheka kwa furaha, na mimi nikapiga makofi pamoja nao.

Kwa miaka miwili nilifundisha kama filamu ilivyoonyesha. Mitihani ilipofika watoto walichora matanuru marefu kama minara ya kanisa, wanawake wameyazunguka, nami niliwapa alama zote. Mpaka asubuhi moja nilishika chaki, nikachora lile dogo la kiunoni. Nikawaambia kimo chake, mivukuto yake, rangi ya moto wake.

Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, mu filme haikuwa vile. Na jina yenu iko mule."

Nilijaribu kuendelea. Nikashindwa. Niliketi kwenye kiti changu nikawaeleza yote: tanuru la matofali, nailoni, petroli, onyo la yomba, na ile sentensi yangu moja ya Kifaransa. Hakuna aliyecheka. Wengine walitazama mikono yangu.

Mkuu wa shule aliniita siku hiyo hiyo. Hakunikaripia. Alisema filamu ile ni ya taifa, na kwamba kuanzia Jumatatu nitafundisha hesabu. Hilo sikulijali sana. Nililoogopa ni kwamba watoto wana midomo, na nyumba niliyokaa na mama haikuwa mbali.

Siku ya pili nilimkuta mama ameketi mlangoni, vitu vyake vimefungwa ndani ya kitenge.

"Ni kweli?" aliniuliza.

"Ni kweli, mama."

Hakulia wala hakunilaani. Alisema anakwenda Kasaji kwa dada yangu. Nilitaka kumbebea mzigo hadi stesheni, akaubeba mwenyewe.

Nilikwenda kumwona kila likizo, kwa treni, na sukari na sabuni. Alizipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea vitu vya mgeni. Alinipikia ugali wa bukari na sombe ya majani ya mhogo, akaniwekea maji ya kunawa, halafu akatoka kukaa nje mpaka nilipomaliza kula. Ilikuwa hivyo kwa miaka sita, mpaka naye alipokufa.