Kuivunja 104729

Asubuhi moja ya miaka ya Hali ya Hatari niliondoka Chuka bila kujua ninakokwenda. Shangazi alikuwa amesema chakula chake si cha watu wasioshika jembe. Nikavaa koti, nikaifuata barabara ya Embu.

Pasi, kibali cha serikali cha kusafiri, ilikuwa mfukoni. Bila pasi hukuvuka hata kijito. Nambari yangu ilikuwa 104729 na niliichukia. Serikali ilikuwa imenigeuza tarakimu sita, nami nikaamua kuzivunja. Shule niliacha darasa la tano, lakini kugawanya nilijua. Mbili ilikataa. Tatu na tano zikakataa. Nne na sita sikuhangaika nazo. Mbili ikikataa, hizo haziwezi. Saba iliacha baki mbili. Kumi na tatu na kumi na tisa zilikosa kwa moja tu, nikazitukana. Nilijua nitakwenda hadi mia tatu na kitu na kukoma hapo: kigawanyo kikizidi hapo, mwenzake ni mdogo, na ningekuwa nimeshampata. Kila nilipopumzika niliandika kwenye karatasi: kigawanyo, kisha baki.

Kwenye daraja la Thuchi homugadi, mmoja wa walinzi wa serikali waliowasaka wapiganaji wa msituni, alinipekua akaipata karatasi hiyo.

"Kumi na tatu, moja. Kumi na tisa, moja," alisoma. "Watu kumi na tatu, bunduki moja. Sivyo?"

"Ni hesabu tu, mzee."

"Hata mimi naona ni hesabu! Ya nani huko msituni?"

Akanizaba kofi, akanisukuma hadi kwa karani wa kizuizi cha barabarani. Kando ya meza yake kulikuwa na lori, na wanaume wawili wamechuchumaa ndani wakisubiri kupelekwa kizuizini.

Karani alitazama pasi, akatazama karatasi. "Unagawanya nambari ya serikali? Imekukosea nini?"

"Nataka kujua kama inagawanyika, bwana karani."

"Haya. Nitagawanya mwenyewe. Baki moja tu ikitofautiana na yangu, unapanda lori."

Alianza na saba. Sawa. Kumi na moja, baki tisa. Sawa. Akaenda hivyo hadi ishirini na tatu, akaweka kalamu chini.

"Mara 4553, baki tisa. Wewe umeandika kumi. Panda."

Homugadi alishanikamata kola. "Bwana karani," nikasema, "4553 inaishia na tatu, 23 inaishia na tatu. Tatu mara tatu ni tisa. Ukiongeza tisa yako, jibu litaishia na nane. Nambari yangu inaishia na tisa."

"Ala! Anakufundisha, mzee!" homugadi akacheka.

Karani hakucheka. Alizidisha upya, polepole, midomo ikicheza. Kisha akanitupia pasi na karatasi usoni.

"Potea, profesa wa vumbi! Nikikuona hapa tena, nitakugawanya wewe."

Runyenjes nilifika kabla ya kafyu. Mjane muuza maharagwe alinipa pembe ya ghala lake. "Ukiiba punje moja," alisema, "nawaita homugadi." Nilikaa juu ya gunia, nikaikagua karatasi kwa mwanga wa jioni uliobaki. Ishirini na tisa nilikuwa nimeipatia. Thelathini na moja nilikuwa nimeandika baki kumi.

Ni kumi na moja. Karani alikuwa amebakiza vigawanyo viwili tu anifikie hapo.

Niliitafuna karatasi kidogo kidogo, nikaimeza yote.